Kimya cha Mlimani Hulipwa na Nani?

Mwishoni mwa mwezi wa Septemba mwaka 2017 tulikaribishwa usiku mmoja nyumbani kwa mama mmoja Mkongomani, katika mji wa Greeley, kaskazini ya Denver, jimbo la Colorado, nchi ya Marekani. Mama huyo alizaliwa upande wa Kivu ya Kusini, akakimbia vita, akalelea wanawe katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na hatimaye akahamishiwa Marekani kama maelfu ya wenzake. Alitupikia ugali na dagaa, dagaa ambao bila shaka walikuwa wamesafiri mbali kuliko sisi. Tulipokwisha kula alituuliza twaenda wapi. Tukamweleza kwamba kesho yake twapanda milimani, kwenye monasteri ya watawa Watrapisti, kufanya mafungo ya siku nane. Na kwamba huko watu hawazungumzi ovyo, hawasikilizi redio wala hawasomi magazeti (tulijisahau kwamba sisi ni watu wa magazeti), bali husali na kukaa kimya mbele ya Mungu.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Na huko mlimani, baba, mtu analipa pesa ngapi ili asisikie kitu?”

Hakuuliza kwa dhihaka. Kazi yake ilikuwa kusafisha mashine usiku katika kiwanda cha nyama, na masikio yake aliyaziba kwa vizibo kwa sababu ya kelele za vyuma na za maji ya moto. Aliingia kazini wakati watoto wanalala, akatoka wakati wanaamka. Aliuliza bei kama mtu aulizavyo bei ya kitu kizuri dukani, akijua kwamba leo hatakinunua. Nasi tulimjibu juu juu, tukasema mwenyeji wetu Mmarekani ndiye aliyetulipia, halafu tukabadili mazungumzo. Tulipoagana alituomba tumkumbuke katika sala zetu. Tukamwuliza tumwombee neema gani. Akasema: “Usingizi.”

Kila Kwaresima inapokaribia, parokia zetu hutangaza mafungo, na kila mara wapo wasomaji wanaotuandikia kwamba mafungo ni mambo ya mapadre, ya masista na ya watu wenye nafasi. Zamani tuliwajibu upesi na kwa ukali kidogo. Siku hizi hatuwezi tena, kwa sababu ya swali la mama yule. Basi leo tunataka kulijibu, ijapokuwa kwa kuchelewa, na hatuna budi kusimulia kwanza habari ya safari yenyewe.

Tulikwenda Marekani tukiwa na hukumu mfukoni. Sote twaijua hukumu hiyo, maana husemwa hata mimbarini: kwamba nchi ile ni nchi ya mali pasipo Mungu, ya watu wanaokimbia mchana kutwa na wasiojua jirani yao anaitwa nani. Majuma mawili ya kwanza tulitafuta ushahidi, na atafutaye ushahidi wa hukumu aliyokwisha kuitoa haukosi. Tuliona, mathalani, maghala marefu kando ya barabara kuu, yenye milango mingi iliyofanana. Tulidhani ni ya wafanyabiashara. Tukaambiwa kwamba ni ya watu wa kawaida, ambao nyumba zao zimejaa vitu hata havienei, nao hupanga chumba cha ghala na kukilipia kila mwezi ili viti vya zamani, vitanda na masanduku vipate mahali pa kukaa. Maghala ya namna hiyo yako makumi ya maelfu katika nchi ile. Tulistaajabu, tukaandika katika daftari letu kwamba huku vitu vina nyumba, na watu wasio na nyumba hulala chini ya madaraja. Sentensi hiyo ilitupendeza sana tulipoiandika.

Tuliona pia jinsi wanavyosalimiana. Mtu hukuuliza hali, naye amekwisha kukupita hatua tatu kabla hujafungua kinywa. Kwetu sisi, ambao salamu yetu yaanzia kwako ikapita kwa watoto, kwa wazee, mashamba na mvua, jambo hilo lilituumiza mara kumi kwa siku. Mtu asidhani kwamba ni sisi wageni tu tunaolisema. Mwaka 2023 daktari mkuu wa serikali yao, Vivek Murthy, alitoa waraka rasmi kuwaonya wananchi kwamba upweke umekuwa hatari kwa afya ya taifa. Si kila serikali yenye moyo wa kukiri jambo la aibu kama hilo hadharani.

Lakini daftari letu lilianza kutuharibikia. Mzee mmoja wa parokia iliyotualika, fundi wa mabomba aliyestaafu, alijitolea kutuendesha kutoka Greeley mpaka monasteri, safari ya saa nne na zaidi, na kurudi peke yake siku ile ile. Hakutaka fedha ya petroli. Njiani alitueleza kwamba kila Jumanne hupeleka chakula kwa vikongwe wasioweza kutoka nyumbani, na kwamba amefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Aliyasema hayo kama mtu asemavyo kwamba hunyoa ndevu asubuhi. Pia tuliona maktaba za umma ambamo maskini huingia, hupewa kiti, moto wakati wa baridi, na kitabu, wala haulizwi ametoka wapi. Tuliona watu wakisimama katika mstari pasipo askari. Tuliona makanisa yaliyojaa na makanisa yaliyokuwa matupu, kama kwetu. Kwa kifupi, tulimkuta mwanadamu, ambaye ana desturi ya kuharibu madaftari ya wasafiri.

Barabara ya kwenda huko hupanda mpaka kwenye tundu lililotobolewa mlimani, liitwalo Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, ambalo liko juu ya usawa wa bahari meta 3,400 hivi. Mvua inyeshayo upande mmoja wa safu ile huelekea Bahari ya Atlantiki, na ile ya upande wa pili huelekea Pasifiki. Mzee wetu alipunguza mwendo atuoneshe. Ng’ambo ya pili tulishuka mabonde, tukapita katika genge la mto Colorado, tukafuata kijito hata tukafika Snowmass, mahali penye monasteri ya Mtakatifu Benedikto.

Watrapisti walikwenda kule mwaka 1956, wakitoka abasia ya Spencer katika jimbo la Massachusetts. Walikaa katika bonde pana lililo juu kiasi cha meta 2,400, wakilima majani ya mifugo na kutunza shamba, na mbele yao ulisimama mlima Capitol, wenye zaidi ya meta 4,300 na theluji karibu mwaka mzima. Padre Thomas Keating, aliyefariki mwaka 2018, aliishi hapo miaka mingi. Ndiye mmoja wa watawa waliowafundisha walei katika miaka ya 1970 namna ya kusali kwa kutulia, pasipo maneno mengi. Siku zile miti ya aspen ilikuwa imegeuka manjano bonde zima. Majani yake hutikisika hata pasipo upepo wa kutosha kuinua nywele, nayo hutoa mlio kama mvua ndogo kwenye bati. Huo ndio uliokuwa mlio mkubwa kuliko yote kuanzia asubuhi hata jioni.

Hatutaandika mengi juu ya sala zenyewe. Watawa waliamka kabla ya mapambazuko kuimba zaburi, nasi tuliamka nao, mara nyingine. Ila yatupasa kukiri lililotupata siku tatu za mwanzo, kwa maana twadhani limewapata wengi na hawasemi. Mara tulipofunga mlango wa chumba chetu, ukimya haukuja. Walikuja wadeni wetu wote. Alikuja mtu tuliyegombana naye mwaka 2009 juu ya mpaka wa kiwanja, akarudia maneno yake, nasi tukamjibu safari hii majibu mazuri zaidi. Yalikuja makala tuliyoyaandika vibaya. Ilikuja hesabu ya ada za shule. Simu tulikuwa tumeiacha sandukuni, lakini mkono wetu uliitafuta mfukoni kama ulimi utafutavyo jino lililong’oka. Tukafahamu, kwa haya, kwamba kelele tulizowashitaki Wamarekani tulikuwa tumezipakia wenyewe tangu nyumbani, na hazikulipiwa hata uzito wa ziada katika ndege.

Siku ya nne kelele zilipungua. Siku ya tano, alasiri, tulikuwa tumeketi kwenye benchi, tukitazama mlima, pasipo kuwaza neno lo lote, na tulikuwa na furaha ambayo hatuwezi kuieleza vizuri zaidi ya hapo. Ndipo lilipokuja swali la mama yule wa Greeley. Mtu analipa pesa ngapi? Na baada yake likaja la pili, ambalo yeye hakuliuliza: nani analipa?

Maana mwenyeji wetu alilipa sadaka ya chumba na chakula, hilo ni kweli. Lakini sadaka ni sehemu ndogo kabisa ya bei. Bei yenyewe ni siku nane ambazo hakuna anayekudai. Ili sisi tuketi kwenye benchi lile, ilikuwa lazima mtu mwingine aamke nyumbani kwetu, mahali pengine kabisa pa dunia, saa kumi na moja ya alfajiri, ateke maji, awashe moto, awaoshe watoto, awapeleke shule, arudi, afue, apike, apokee wageni, na alale wa mwisho. Mtu huyo alikuwapo. Ni yule binti tunayemwita “dada”, ili tusilazimike kumwita mfanyakazi. Alikuwa nasi mwaka wa tano. Jumapili alitutayarishia watoto kwa Misa, kisha akabaki jikoni ili turudipo kanisani tukute pilau. Na Jumapili alizokwenda kanisani yeye, alikwenda Misa ya kwanza, akarudi mbio. Tulikuwa hatujawahi kuhesabu kama alikuwa na siku. Tulihesabu pale, kwenye benchi, tukaona hana. Si kwamba alikuwa na siku chache. Katika miaka mitano hakuwa na hata siku moja ambayo tungeweza kusema ni yake, isipokuwa siku nne alizokwenda kumzika baba yake.

Furaha ile ikatutoka. Hatukuilaumu sala, twaamini ilikuwa inafanya kazi yake.

Watu wengine watasema: basi, ninyi mmethibitisha wenyewe kwamba mafungo ni anasa. Aliye na haki ashuke mlimani akafanye kazi kama wenzake. La, hatukubali. Injili yatusimulia mara nyingi kwamba Yezu Kristu aliwaacha makutano, akapanda mlimani peke yake usiku kusali, na wagonjwa walikuwa bado hawajaisha chini. Yasimulia pia kwamba aliwaita mitume waliochoka wajitenge wapumzike, kwa maana hawakupata nafasi hata ya kula. Hakuwaambia kwamba kupumzika ni dhambi mradi maskini wangalipo. Mtu asiyejitenga kamwe, hata kwa kazi njema, mwisho huwatumikia watu kwa hasira, nasi tumekwisha kuwaona watumishi wa namna hiyo katika ofisi, katika hospitali na katika sakristia.

Marekani yenyewe inayo mifano miwili iliyotusaidia. Wa kwanza ni Padre Thomas Merton, Mtrapisti wa abasia ya Gethsemani huko Kentucky, aliyeingia utawani mwezi wa Desemba 1941, na ambaye kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1948 kiliwavuta vijana wengi waliokuwa wametoka vitani. Merton aliukimbia ulimwengu kwa nguvu zote, na vitabu vyake vya kwanza vyanukia kidogo dharau ya aliyeokoka kwa waliozama. Lakini tarehe 18 Machi 1958 alitumwa mjini Louisville kwa shughuli ya monasteri. Akiwa amesimama kwenye kona ya barabara mbili, katikati ya maduka, alitambua ghafla kwamba watu wote wale waliokuwa wakipita anawapenda, kwamba ni wake naye ni wao, na kwamba kule kudhani kwamba mtawa ni kiumbe wa namna nyingine kulikuwa ndoto. Kwenye kona hiyo leo kuna kibao cha kumbukumbu. Ilimchukua miaka zaidi ya kumi na sita ya kimya kufika kwenye kona ya barabara. Kwetu hiyo ndiyo alama ya kimya cha kweli: humrudisha mtu sokoni akiwa na macho.

Wa pili ni Dorothy Day, mlei, mwandishi wa magazeti kama sisi, ambaye pamoja na Peter Maurin alianzisha mjini New York gazeti na nyumba za kuwapokea maskini, mwaka 1933, wakati wa shida kubwa ya kazi. Mama huyo aliishi kati ya watu wenye njaa, wagomvi na walevi, na nyumba yake haikuwa na saa moja ya utulivu. Ungedhani kwamba angeyadharau mafungo. Kinyume chake, aliyapenda mno, aliyaita chakula chake, na tena aliona kwamba si haki ale peke yake: katika miaka ya 1940 yeye na wenzake walifanya mafungo katika shamba lao huko Easton, Pennsylvania, kwa ajili ya watu wo wote waliotaka kuja. Hakuuliza kama maskini wana nafasi ya kusali. Aliwafanyia nafasi.

Hapo ndipo twaona kwamba wasomaji wetu wanaolalamika, na sisi tuliowajibu kwa ukali, tulikuwa tumekosea sote kwa pamoja. Tulibishana kama mapumziko ya roho ni mema au ni ya bure, na kumbe Mungu alikwisha kuyatolea amri. Amri ya siku ya Bwana, tukiisoma yote kama ilivyoandikwa katika vitabu vya Musa, haikumwambia mtu binafsi kwamba apumzike akitaka. Ilisemwa kwa mwenye nyumba. Ilitaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng’ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango yake. Wote hao wapumzike, na sababu iliyotolewa katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati ni kwamba mwenye nyumba akumbuke naye alikuwa mtumwa Misri. Angalia jambo hili: mjakazi hakuambiwa aombe ruhusa. Mwenye nyumba ndiye aliyeamriwa. Kwa hiyo mapumziko, kabla hayajawa ibada yangu, ni deni langu kwa anayenifanyia kazi. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu aliandika hivyo hivyo katika waraka wake juu ya wafanyakazi mwaka 1891, kwamba haifai kumtumikisha mtu hata mwili wake ukachakaa na roho yake ikazimia, na kwamba siku ya Bwana ni haki ambayo mfanyakazi mwenyewe hana ruhusa ya kuiuza.

Tukirudi Marekani, nchi ile yenye sheria nyingi kuliko nchi yo yote tuliyoiona, sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri kumpa mfanyakazi hata siku moja ya likizo yenye malipo. Wengi huipata kwa mapatano na waajiri wao. Wa kazi za chini mara nyingi hawaipati. Tulipoambiwa hivyo tuliinua vichwa vyetu kidogo, kwa kuwa Tanzania tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayompa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Lakini tukakumbuka jiko letu. Sheria nzuri tuliyonayo huishia kwenye mlango wa nyumba zetu, na sisi ndio tuliosimama mlangoni. Mwajiri mwenye kiwanda huogopa mkaguzi. Mwajiri mwenye sufuria haogopi mtu, maana mkaguzi mwenyewe anaye dada nyumbani kwake.

Siku ya tisa tulishuka. Basi la bonde lile huenda mpaka Aspen, nasi tulitaka kuuona mji huo kabla ya kurudi. Aspen ulianza kama mji wa machimbo ya fedha kiasi cha mwaka 1880. Wenyeji wa milima ile, Waute, walifukuzwa mwaka 1881 wakapelekwa Utah. Basi hata kimya cha bonde lile kizuri kina watu waliolipa zamani, na hakuna aliyewauliza. Bei ya fedha ilipoanguka mwaka 1893 mji ulikufa, ukafufuka baada ya Vita Kuu ya Pili kwa michezo ya theluji na mikutano ya wenye elimu. Hata Daktari Albert Schweitzer alitoka Lambaréné, Gabon, akaenda kuhutubia huko mwaka 1949. Siku hizi ni mji wa matajiri wa dunia, na nyumba zake ni ghali hata mwalimu hawezi kupanga. Kwa hiyo wanaosafisha, wanaopika na wanaotandika vitanda hukaa chini ya bonde, wengine hata Rifle, kilometa 110 hivi. Jioni tuliporudi tuliwakuta basini, wengi wao watu wa Mexico na wa Amerika ya Kati, mikono imevimba kwa maji, wamelala wameegemeza vichwa kwenye vioo. Basi zima lilikuwa kimya. Lilipita karibu na njia ipandayo kwenda monasteri, na hakuna aliyefungua macho.

Watawa wa Snowmass walizeeka, na vijana wa kuwarithi hawakuja. Mwaka 2024 shamba lao, ekari zipatazo 3,700, lilitangazwa sokoni kwa bei ya dola milioni 150, na tangu hapo limekwisha kununuliwa. Hatuwalaumu watawa hata kidogo. Wazee wanahitaji matunzo, na kwa zaidi ya miaka 60 waliipokea dunia mlangoni pao kama kanuni ya Mtakatifu Benedikto iamuruvyo, mgeni akipokewa kana kwamba ni Kristu. Ila tulipopata habari ile tulimkumbuka mama wa Greeley. Swali lake limepata jibu lenye tarakimu.

Tulipita kwake tulipokuwa tukirudi kwenda uwanja wa ndege. Tulimwambia kwamba tumemwombea usingizi. Alicheka, akasema umekuja mara mbili. Tukamwuliza yeye husali wakati gani, kwa maana sasa tulitaka kujua. Alisema kwamba hufika kiwandani robo saa kabla ya zamu, huzima gari, hufunga vioo, husali makumi mawili ya Rozari, hana muda wa matano. Kisha huvaa vizibo vyake vya masikio na kuingia. “Hayo ndiyo mafungo yangu, baba,” alisema, “na maegesho ni bure.” Hatukuwa na la kumjibu, na mpaka leo twadhani kwamba robo saa ile ilipanda juu kuliko siku zetu nane. Lakini hatutaki jambo hilo litufariji, kwani ni rahisi mno kusifu utakatifu wa mtu aliyenyimwa usingizi. Mungu aipokea robo saa yake. Waliomwachia robo saa tu watajieleza.

Tuliporudi nyumbani tulimwambia dada kwamba tangu juma lile Jumapili ni yake, kutwa, na malipo hayapungui. Alituangalia kwa mashaka, akauliza kama amekosa nini. Hilo lilituchoma kuliko mafungo yote. Jumapili ya kwanza aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akawasha moto, kisha akasimama katikati ya ua asijue la kufanya na mikono yake. Tulimwomba aende kanisani, arudi akitaka au asirudi mpaka jioni. Alirudi saa tano akapika.

Jumapili ya pili alilala mpaka saa nne. Watoto walipita mlangoni pake wakinyata, nasi tulichemsha chai wenyewe, maziwa yakafurika yakazima moto.